UZI: Kufundisha uandishi wa hadithi mtandaoni ukiwa nyumbani (Uyole, Mbeya), maandalizi yangu yote nimeyaweka hapa

Mleta uzi

Habari za muda huu wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Mi ni mwandishi wa hadithi, naishi Uyole hapa Mbeya, ni mke na mama, na nyumbani tuko na mama mkwe ambaye kaja kwa ajili ya matibabu ya miguu. Mwezi wa sita naanza darasa la uandishi wa hadithi fupi kwa njia ya mtandao, na tangu nilitangaze watu wamejaa pm (meseji za faragha), nusu wanauliza kujiunga na nusu wanataka wao wenyewe kufundisha vitu vyao, kuna dada wa cherehani, kuna mtu wa keki, kuna kijana wa tuisheni ya hesabu, wote wako huku huku nyanda za juu na wote swali lao ni hilo hilo, ninunue nini. Nimeona nijibu kwa pamoja, uzi ni mrefu kwahiyo chukua kiti.

Mimi naamini darasa la mtandaoni linapangwa kwanza kwenye ratiba ya nyumba, vifaa vinakuja baadae sana. Mtu anaulizia laptopu gani, taa ile ya duara bei gani, wakati hajajiuliza saa hiyo ya darasa nani anapika, mtoto wa mwisho analala chumba gani, na je bati lake lina dari au halina. Na ukishamaliza kupanga ya kwako kumbuka kwamba mwanafunzi nae ana nyumba yake, nae ana mtoto analia na ana mume au mke anauliza chumvi iko wapi, kwahiyo unapanga nyumba mbili kwa wakati mmoja. Mengine yote nitakayosema yanatokea hapo.

Siku yangu iko hivi. Naamka kabla ya saa kumi na moja, huo ndo muda wangu wa kuandika na hakuna mtu anayeugusa. Naandika kwa mkono kwenye kauntabuku, nimejifunga kitenge juu ya sweta na soksi mbili maana Uyole mwezi wa sita na wa saba mnaijua wenyewe, asubuhi unatoka nje nyasi zimepauka kwa umande ulioganda. Saa kumi na mbili kasoro nyumba inaamka, chai, viazi mviringo vya jana au magimbi, watoto wanaenda shule, namwandalia mama maji ya moto ya kukandia miguu. Baada ya hapo ni kufua, maji, soko kama ni siku ya soko, alafu nabandika maharage. Sasa maharage ndo muda wangu wa pili, yanachukua muda mrefu jikoni na hayataki kuangaliwa kila dakika, nakaa pale pale nje karibu na jiko na daftari la darasa. Kuandika hadithi nahitaji ukimya, ila kuandaa somo sihitaji, tena nimeona somo nililoandalia pale kwenye kelele za majirani linakuwa na maneno ya watu, linaeleweka, kuliko lile ninaloandaa nimejifungia.

Mchana baada ya kula nachapa kwenye simu kile nilichoandika alfajiri. Jioni ni watoto na kazi zao za shule. Darasa litakuwa saa mbili na nusu usiku, watu wameshakula, watoto wadogo wamelala au wanaelekea.

Kwanini naanza mwezi wa sita. Hapa naomba wenzangu wa nyanda za juu wanielewe vizuri maana vitabu vya kufundishia mtandaoni haviandikwi na watu wa huku. Sisi mvua yetu ni msimu mmoja, inaanza kama mwezi wa kumi na moja inakuja kuisha wa nne au wa tano, sio kama wa pwani wenye vuli na masika. Nyumba yangu ni ya bati na sebuleni hakuna dari. Mvua ya Uyole ikishuka kwenye bati hata mtu uliyekaa nae kochi moja humsikii, achilia mbali maiki ya simu ambayo inanyonya kila sauti. Kwahiyo darasa la laivu nafanya kiangazi, na miezi ya mvua nafundisha kwa maandishi na kusahihisha kazi. Kama una dari ya mbao au jipsamu hilo kwako sio tatizo kubwa, ila lijaribu siku ya mvua kabla hujatangaza tarehe.

Ila kiangazi nacho kina yake, mahindi yanavunwa. Wanafunzi wangu kadhaa ni wakulima na wengine ni walimu wenye shamba, mchana hawapo na jioni wamechoka, nimeweka siku mbili tu kwa wiki, na mwezi wa tisa na wa kumi na moja napunguza kazi maana walimu wanakuwa na mitihani ya darasa la saba na kidato cha nne.

Chumba. Nimejaribu kila chumba cha nyumba hii kwa kurekodi dakika moja moja na kusikiliza. Sebule ina mwangwi, sakafu ni sementi na kuta hazina kitu. Chumba cha kulala ndo bora, godoro na nguo zilizotundikwa zinameza mwangwi wote, nimetundika na blanketi nyuma ya mlango. Meza ni ya kushonea, simu nimeiegemeza kwenye ndoo ndogo. Hedifoni ni za waya, za bei ya kawaida kabisa zilizo na maiki, hizo za waya haziishiwi chaji katikati ya somo.

Na kuna sababu nyingine ya kuchagua chumbani. Baba mkwe huwa anakuja kutoka Tukuyu kumjulia hali mama, na kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hatukai sebule moja, hilo ni jambo la heshima na mimi nalishika. Akiwepo yeye sebule ni yake. Mtu wa mbali anaweza kuona ni kikwazo, kwangu ni kitu cha kupangia tu, nyumba ina utaratibu wake na darasa ndo linaingia kwenye utaratibu huo.

Jambo la usalama, naomba msilipite haraka. Huku baridi ikizidi watu wanaingiza jiko la mkaa ndani wanafunga mlango na dirisha. Mwalimu wa mtandaoni ndo yuko hatarini zaidi, maana ameshafunga kila kitu ili kelele zisiingie na anakaa humo saa nzima na zaidi. Ile hewa ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina harufu na huioni, unasikia kichwa kizito na usingizi unadhani ni uchovu wa siku, na inaua. Vaa koti, jifunike shuka, jaza chupa ya maji ya moto uweke miguuni, jiko libaki nje. Na wanafunzi wangu nitawaambia hivyo hivyo siku ya kwanza.

Kwenye mtandao sasa. Zoom ya bure inakata mkutano ukifika dakika 40. Google Meet ya bure mkiwa watatu au zaidi inakata zikifika dakika 60. Mi nimepanga somo la dakika 35 na ninaona ni zawadi, hakuna mtu aliyetoka shamba anayeweza kusikiliza zaidi ya hapo usiku. Video ya kundi inaweza kuvuka MB 500 kwa saa kirahisi, na hiyo ni hela ya mtu ya unga. Kwahiyo darasa langu kubwa liko kwenye grupu la WhatsApp kwa voisi fupi fupi, za dakika mbili tatu, na laivu ni siku moja tu kati ya zile mbili za wiki, sauti tu, video naiwasha mwanzo kidogo tusalimiane kisha tunazima wote.

Umeme ukikatika pawabanki ipo, na laini ziko mbili za mitandao tofauti, bando nimelinunua mapema. Luku naangalia asubuhi ya siku ya darasa.

Maswali karibuni, nitajibu nikipata nafasi maana muda huu naenda kupika.

Mdau wa Sumbawanga

Siti ya mbele kabisa. Asante dada kwa la bati, mi nilishaacha kufundisha wanafunzi wangu kwa sababu hiyo hiyo na nikajua ni simu yangu mbovu. Swali, sisi tulio na mtandao wa kusuasua hizo voisi si zinachelewa kufunguka?

Mleta uzi

Karibu ndugu yangu wa Rukwa. Zinachelewa lakini zinafika, ndo uzuri wake. Laivu ikikwama umekosa, voisi itakusubiri mpaka upande kilimani au ufike mjini. Ni faili dogo sana ukilinganisha na video. Ila kuna namna ya kuziandaa. Voisi moja jambo moja. Naanza kwa kutaja namba na kichwa, "voisi ya tatu, mhusika anaingiaje," ili mtu zikimfikia zimepishana ajue ipi inatangulia ipi inafuata. Nikimaliza zote naandika muhtasari mfupi kwa maandishi chini yake, kwa yule ambaye amekaa na mtoto amelala mapajani na hawezi kusikiliza kwa sauti.

Na kabla ya kurekodi nasoma kwa sauti mbele ya mama mkwe. Yeye hakusoma sana lakini ni msimuliaji ambaye sijaona mfano wake, nikiongea kitu akanyamaza tu bila kuitikia najua hapo sijaeleweka narudia kukipanga. Nikimuuliza ananiambia "mwanangu umeanza katikati, huyo mtu alitokea wapi". Mafunzo mengi ninayofundisha nimeyapata kwake kuliko mahali pengine.

Mdau wa Ipogolo

Kamwene dada. Mi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa, Kiswahili. Sisi tumezoea azimio la kazi na andalio la somo, kuna umahiri, kuna hatua, kuna dakika za kila hatua. Je kwenye hili la mtandaoni andalio linafaa au unaenda kwa moyo tu? Naomba utuonyeshe somo lako moja kabisa.

Mleta uzi

Kamwene mwalimu. Andalio linafaa tena sana, mi sikusomea ualimu na niliomba jirani yangu ambaye ni mwalimu wa msingi anifundishe kuliandika, nawaambia wote mnaotaka kuanza mkae na mwalimu mmoja wa kweli hata jioni moja, kuna elimu pale ya kujua mtu anajifunzaje ambayo sisi wenye vipaji vyetu hatuna.

Nililobadilisha ni hili. Darasani wewe unaona sura zao, mtandaoni huoni, kwahiyo kila baada ya maelezo mafupi lazima wafanye kitu kwa mikono yao. Nakupa somo la kwanza lote, halina siri.

Somo ni kuonyesha bila kutangaza. Dakika kama 5 salamu na kuhakikisha wote wanasikia, kila mtu anasema yuko wapi na anasikia nini nje ya dirisha lake, hapo tayari wameanza kuchunguza bila kujua. Kisha dakika 8 nasimulia kisa kifupi kwa namna mbili. Ya kwanza nasema "Mzee alikuwa na huzuni kwa sababu ng'ombe wake amekufa". Ya pili nasema mzee alienda zizini asubuhi na majani mikononi, akayaweka chini, akabaki ameshika kamba. Nauliza ipi imewakaa, wanaandika kwenye meseji. Baada ya hapo tunanyamaza wote dakika 12, maiki zimezimwa, kila mtu anaandika kwenye daftari lake aya moja kuhusu jiko la nyumbani kwao saa kumi na mbili asubuhi, sharti ni kwamba baridi lisikike lakini neno baridi lisiandikwe. Zile dakika 12 wageni wa kazi hii wanaziogopa, wanaona wanalipwa kukaa kimya. Mwalimu unaelewa, kimya kile ndo somo lenyewe. Zinazobaki wawili au watatu wanasoma na wenzao wanasema sentensi moja waliyoikumbuka, hawaruhusiwi kusema "nzuri" peke yake.

Kazi ya wiki wanatuma kwa voisi wakisoma wenyewe, sio kwa maandishi kwanza. Ukisoma kwa sauti ulimi unajikwaa pale pale penye tatizo, huhitaji mimi nikwambie.

Mdau wa Mafinga

Mi naomba nitofautiane na mleta uzi kwa heshima. Siku hizi matapeli ni wengi, mtu anaanzisha grupu anakusanya hela anapotea. Mwalimu anaefundisha kwa voisi bila sura utamjuaje? Na mtu akilipa hela yake anataka kuona kitu, slaidi, ubao, cheti mwisho wa kozi. Hizi voisi hata mimi naweza kurekodi nikiwa kwenye bajaji.

Mleta uzi

Una hoja mkuu na nashukuru umesema. Kwenye utapeli nakuunga mkono asilimia zote, ndomana kikao cha kwanza ni bure na ni cha video, wananiona uso, na hela inalipwa baada ya kikao hicho kwa lipa namba yenye jina langu, na grupu linabaki wazi watu waongee wenyewe kwa wenyewe, sijalifunga admini peke yake ndo aandike. Mwalimu anaefunga mdomo wa grupu lake huyo mwogopeni.

Cheti sitoi. Mi sio chuo, sijasajiliwa kutoa vyeti na karatasi yangu haitamsaidia mtu kupata kazi, nikimpa nitakuwa namdanganya. Ninachompa ni hadithi yake moja iliyokamilika, iliyosahihishwa mara kadhaa mpaka yeye mwenyewe aikubali. Anaetaka cheti cha Kiswahili au fasihi vyuo vipo na nitamwelekeza.

La slaidi tutatofautiana tu. Kwa cherehani na keki lazima uone mkono wa mwalimu, hapo lipa bando la video hakuna namna, au rekodi video fupi mtu aipakue mara moja aiangalie tena na tena bila bando. Ila hadithi yetu sisi ilianzia masikioni, tumekua tukikaa jikoni usiku moto umebaki makaa na bibi anasema "paukwa" na giza lile halikutuzuia kuona kila kitu. Sauti inatosha kwa kazi hii, na naisema hiyo nikiwa na uhakika.

Mdau aliyeko Ujerumani

Salaam kutoka huku, mi mtu wa Mbozi. Nataka kujiunga ila nisaidie saa. Saa mbili na nusu usiku ya Mbeya kwangu inakuwa ngapi, na mtu wa Marekani je? Na wanangu waliozaliwa huku wanaongea Kiswahili cha kuungaunga, wanaruhusiwa?

Mleta uzi

Ugonile ndugu yangu, au Mbozi mnasalimiana vingine, nisamehe. Saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, za kwenu ndo zinasogea. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi mnatofautiana na sisi saa 1, kwahiyo darasa litakuwa 19:30 kwenu. Baada ya hapo tofauti ni saa 2, inakuwa 18:30. Wa New York kipindi cha kiangazi chao wako nyuma yetu saa 7, kwao itakuwa 13:30 mchana, na mwezi wa kumi na moja wakirudisha saa inakuwa 12:30. Kwenye tangazo nimeandika kwa namna zote mbili, "saa 2:30 usiku (20:30)", maana mtu aliyekulia nje akisoma saa mbili anaweza kuamka saa nane usiku kwa hesabu za huko.

Watoto waje, tena nitafurahi sana. Kiswahili cha kuungaunga hakinisumbui. Kazi yao ya kwanza wapigie simu bibi au babu aliye Mbozi, wamuulize kisa kimoja tu, kwa mfano alisikia nini utotoni kuhusu kile kimondo cha Mbozi, lile jiwe lililoanguka toka angani, waniandikie kama alivyosema. Wa Kiwira wataandika Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba la asili pale mtoni, wa Kalenga wataandika ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, waliyoyasikia nyumbani sio ya kwenye kitabu cha historia. Wazee wetu wanaondoka na hizi habari, hilo ndo linaloniamsha alfajiri kuliko hata hadithi zangu mwenyewe.

Mdau wa Njombe

Nimesoma mpaka hapa sijachoka. Ila mi nina hofu, nikituma hadithi yangu kwenye grupu mwenzangu si ataichukua aipost kwake? Na laivu mnarekodi? Mimi mume wangu hapendi sauti yangu kuzagaa.

Mleta uzi

Dada yangu hofu yako ni ya haki na kila mwalimu angetakiwa kuijibu kabla hajaulizwa.

Hadithi yako ni yako tangu unapoiandika. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda bila kusubiri usajili, na ulinzi unaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, yani wajukuu wanakula. Usajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya serikali, unakusaidia kupata ushahidi likitokea la kutokea. Na wewe weka ushahidi wa kawaida, kauntabuku lako usilitupe, jitumie kazi kwa barua pepe ibaki na tarehe. Kwenye grupu langu kuna makubaliano ya maandishi kwamba kazi ya mtu haitoki nje, na kazi ndefu zinakuja kwangu peke yangu, kwenye grupu unaleta aya moja.

Kurekodi, laivu hairekodiwi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika mwezi wa tano 2023, na sauti ya mtu na picha yake ni taarifa zake, huwezi kuzikusanya bila yeye kujua ni za nini na kukubali. Aliyekosa darasa namrekodia mimi muhtasari kwa sauti yangu. Na kwa mume wako, nakushauri usijifiche, muombe akae na wewe kikao cha kwanza cha bure asikilize mwenyewe. Wangu nae alianza na hofu hiyo hiyo, sasa amesema siku za darasa ndo atakaewalaza watoto na hataki mtu apite koridoni na ndala.

Mdau wa Mafinga

Sawa mleta uzi, hapo kwenye lipa namba baada ya kikao na grupu kuwa wazi umenimaliza. Bei je?

Mleta uzi

Bei nimepanga hivi, nimeanza na masaa ninayotumia kusahihisha, sio masaa ya kuongea. Watu wanasahau, somo la dakika 35 nyuma yake kuna jioni kadhaa za kusoma kazi za watu kwa makini na kuwajibu mmoja mmoja. Kwahiyo sichukui watu wengi, 12 basi, nikizidisha nitaanza kuwajibu wote maneno yale yale. Bei yenyewe ntakutumia pm maana sitaki uzi ugeuke tangazo. Anaelipa kwa awamu anaruhusiwa, wakulima wanalipa wakishauza.

Mdau wa Makambako

Nimeshindwa kujizuia nimefanya lile zoezi la jiko saa kumi na mbili asubuhi. Naomba unisahihishe hapa hapa hadharani sina shida.

"Mama aliamka wa kwanza. Upepo ulikuwa unagonga mlango kama mgeni aliyechoka kusubiri. Alipuliza moto mpaka machozi yakamtoka, kisha akaweka mikono juu ya sufuria kabla hata maji hayajachemka. Kwa hakika maisha ya kijijini yalikuwa magumu sana. Kaka alitoka amejifunga shuka la kitandani, akakaa kwenye kigoda bila kusalimia, na mama akamsogezea kikombe bila kumuuliza kitu."

Mleta uzi

Hongera sana mkuu, na upepo wa Makambako umeuleta mwenyewe bila kuutaja jina, mtu yeyote aliyewahi kushuka pale njia panda ya Songea ataujua.

Mikono juu ya sufuria ya maji ambayo hayajachemka, hiyo usiiguse. Baridi lote liko hapo na neno hukuliandika. Mgeni mlangoni nae abaki, nimemuona.

Sentensi ya "kwa hakika maisha ya kijijini" iondoe. Umeshatuonyesha machozi ya moshi, umeshatuonyesha shuka, ukianza kutangaza ugumu unakuwa humwamini msomaji na pia humwamini mama yako uliyemweka pale. Ukiitoa utaona sufuria na kaka wanakaribiana, na hapo ndo kuna kitu.

Maana angalia ulichofanya mwisho. Kwetu huku mtoto atoke chumbani asubuhi asimwamkie mama yake, na mama asiseme neno, amsogezee kikombe? Hilo sio jambo la kawaida. Jana usiku kuna kitu kimetokea ndani ya nyumba ile na wote wawili wanakijua. Wewe umekiandika bila kukusudia au umekusudia, vyovyote vile hadithi yako inaanzia pale kwenye kimya, jiko ni mlango tu.

Sasa endelea ukurasa mmoja. Usituambie kilichotokea jana, bado. Niambie kwenye kikombe kuna nini, chai ina sukari au haina, nani mwingine anaamka na yeye anasalimia au hasalimii. Ukimaliza soma kwa sauti kwanza ukiwa peke yako, alafu nitumie kwa voisi pm kabla ya Jumapili saa mbili usiku, nitakujibu Jumatatu maharage yakiwa jikoni.